Mjomba, gofu lile lina kazi

Mjomba wangu, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu neno ulilolisema pale barazani Mikindani lilisikiwa na wengi, na wengi waliliitikia. Ulisema lile gofu la mawe lililo karibu na pwani livunjwe, mawe yakajengee kitu kingine, maana halina kazi. Sikuweza kukujibu mbele ya wazee. Najibu hapa, kwa heshima zote.

Uholanzi kuna kijiji kiitwacho Westkapelle, nyuma ya tuta kubwa la kuzuia bahari. Kati ya mwaka 1458 na 1470 ulijengwa hapo mnara wa kengele wa kanisa la Mtakatifu Willibrord, mnene, wa matofali, wenye pembe nne. Nchi yenyewe ni tambarare, kwa hiyo mnara huo ulionekana na vyombo vya baharini kabla ya kitu kingine chochote. Mwanzoni mwa karne ya 19 ukawekewa taa kileleni. Mwaka 1831 kanisa likateketea kwa moto. Leo mnara umesimama peke yake, na juu yake kimekaa kibanda chekundu cha chuma chenye taa, zaidi ya mita 50 kutoka chini. Mgeni asipoelezwa, hatajua kwamba hapo watu walikuwa wakisali.

Hili linalofuata lisome taratibu, kwa kuwa ni fani yako. Taa moja humwonyesha nahodha nchi kavu iliko, ila haimwambii apite wapi kati ya mafungu ya mchanga. Ndiyo maana mwaka 1875 ukajengwa mnara mwingine, mfupi, wa chuma, pale pale kwenye tuta. Meli ikitoka kaskazini kuelekea bandari za Vlissingen na Antwerpen, nahodha huzitafuta taa zote mbili. Ya juu ikikaa sawasawa juu ya ya chini, yumo ndani ya mkondo. Ya juu ikionekana imesogea kulia, amekwenda kulia mno, arudi kushoto. Basi. Si ndivyo ulivyonifundisha kuutafuta mwamba wa changu? Unaoanisha mnazi na kilima kilicho nyuma yake, kisha unageuka kutafuta alama nyingine upande wa Msangamkuu, zikikubaliana unatupa nanga.

Tarehe 3 Oktoba 1944 ndege za Uingereza zililipiga mabomu tuta lile ili bahari iwafurikie Wajerumani. Maji yakaingia, wanakijiji wengi wakafa, nyumba zikaenda. Mnara ukabaki, na mpaka leo unawaka.

Mimi naamini kilichouokoa baada ya ule moto ni taa. Gofu la kanisa lililoungua lingeweza kugeuzwa matofali ya bure, kama unavyotaka wewe. Lakini nani atavunja kitu kinachotegemewa na meli usiku?

Na hapo hapo Mikindani tuna Boma, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 ili watutawale. Sina mapenzi na waliolijenga, ila kuta zake nazipenda, na nafurahi kwamba lilipata kazi mpya ya hoteli badala ya kuachwa liote mibuyu.

Sasa ombi langu. Kwenye kikao kijacho, kabla ya kuulizana nani achukue mawe, waulizeni wavuvi kama wanaliangalia gofu lile wakiwa baharini. Jibu unalijua, Mjomba. Wewe mwenyewe ulinionyesha ukuta wake mweupe tukiwa mtumbwini, ukaniambia nisiupoteze machoni mpaka tuwe tumeuacha mwamba nyuma. Ukuta huo ukivunjwa, vijana wanaotoka sasa wataangalia nini?

Lipauliwe, nyavu na mashine zihifadhiwe humo, na taa ya sola ipachikwe upande wa bahari. Mabati nitanunua mimi. Fundi mtafute wewe, awe anayejua kujenga kwa chokaa, maana saruji juu ya mawe yale ya matumbawe itabanduka.

Msalimie mkaza mjomba na wote nyumbani.

Mpwa wako