Ditekta na risasi za Salaita

Mhariri, siku hizi kuna vijana wa huku Mombasa wikendi ikifika wanapakia ditekta, zile mashine za kutafuta vyuma ardhini, kwenye gari wanateremka Voi mpaka karibu na Taveta kusaka vitu vya vita vya kwanza vya dunia, na mimi sina noma na hobi yao, afadhali hiyo kuliko kukaa maskani kutafuna muguka. Kilima cha Salaita, huko karibu na Taveta, ndipo tarehe 12 Februari 1916 Wajerumani na askari wao waliwatimua makaburu waliotumwa na Mwingereza, kwa hivyo vitu viko, nani atabisha.

Shida yangu ni vile wanavyochimba. Mashine ikilia tu, jembe! Mara nyingi ni kifuniko cha soda au waya wa fensi. Lakini nilionyeshwa ganda la risasi, shaba imeingia ukijani, kitakoni bado kuna alama za kiwandani, nikauliza limetokea wapi, jamaa ananiambia "huko huko tu". Sasa hilo si skrepu tu? Mahali lilipolala, pamoja na zile alama, ndipo panaweza kukwambia nani alikuwa anapiga akiwa wapi, na simu mnazo, pigeni picha na muweke lokesheni kabla ya kung'oa.

Halafu kombora ambalo halijalipuka msiliguse, hata liwe na kutu vipi, iteni polisi. Na kibali cha kuchimba je? Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 ipo, ofisi za makavazi ziko hapo Fort Jesus, si mwende mkaulize kwanza kabla hamjabeba majembe.

Msomaji wenu, Kisauni, Mombasa