Darubini ya bunduki ndogo si mashindano ya kukuza

Kwako Mhariri,

Msomaji wako wa Nyali aliyeandika juu ya bunduki yake ya .22 (bunduki ndogo, ya risasi nene kama sehemu 22 za mia za inchi) amewashauri wenzake wanunue darubini "inayokuza zaidi, kadiri mfuko unavyoruhusu", na yake ya 6-24x50, yaani yenye kukuza mara 6 hadi 24 na lenzi ya mbele ya milimita 50, ameitaja kwa fahari kama mtu aliyeoza binti. Naomba nafasi nimpinge. Kazi yangu ilikuwa kukata na kusaga lenzi za miwani mjini hapa hadi nilipostaafu. Pia nina cheti cha kumiliki bunduki ndogo ya shabaha, ya risasi moja moja: ukishafyatua, wafungua, watoa ganda, wachomeka nyingine kwa vidole.

La sheria nilitangulize tulimalize. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na bunduki hii kazi yake ni kutoboa karatasi katika kiwanja cha shabaha. Kunguru wa Makadara ni kero, waama, lakini si shabaha ya mtu. Na kabla hujafunga chombo chochote juu ya bunduki, muulize afisa wa leseni kama chataka kuandikishwa.

Sasa tuje kwenye vioo. Ndani ya darubini mna alama ya msalaba, na mna taswira ya shabaha iliyoletwa na lenzi ya mbele. Viwili hivi hukutana sawasawa kwa umbali mmoja tu, ule uliopangwa kiwandani. Darubini nyingi za bunduki kubwa hupangwa kwa yadi 100 au 150. Zilizotengenezwa kwa ajili ya .22 hupangwa yadi 50 au 60. Shabaha ikiwa karibu kuliko umbali huo, msalaba huonekana ukitembea juu ya karatasi kila unaposogeza kichwa, ingawa bunduki haikutikisika hata unywele. Wataalamu huita jambo hili paralaksi. Kwenye boksi la darubini utaona maneno makubwa kuhusu ukuzaji, lakini hili huandikwa kwa herufi za mchwa au haliandikwi kabisa.

Jipimie mwenyewe. Hakikisha chemba ni tupu, ilaze bunduki juu ya mifuko ya mchanga ikiielekea karatasi kiwanjani, kisha usiiguse. Chungulia huku ukipeleka kichwa kushoto na kulia, juu na chini. Msalaba ukitulia mahali pamoja, hiyo ni darubini ya umbali wako. Ukicheza, hesabu yake si ngumu. Chukua lenzi ya mbele ya milimita 40 iliyopangwa yadi 100, uitumie kwa yadi 50: jicho likikaa ukingoni kabisa, kosa laweza kufika milimita 10. Kwa yadi 25 lafika milimita 15. Na duara la kumi katika karatasi ya Olimpiki ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4, yaani ukitoka katikati milimita tano na kidogo ushafika ukingo wake. (Olimpiki yenyewe hairuhusu darubini katika mchezo huo, wao huchungulia tundu. Lakini karatasi yao ni kipimo kizuri.) Mtu atalaumu risasi, atalaumu upepo wa kusi, atamlaumu fundi aliyeifunga, kumbe ni shavu lake halikai mahali pamoja kwenye kitako.

Ndiyo maana nasema 4x32 iliyopangwa yadi 50 humshinda huyo mkubwa wa 24 kwa kazi hii. Gawanya 32 kwa 4, upate 8: hicho ndicho kipenyo, kwa milimita, cha mwanga unaotoka nyuma na kuingia jichoni. Gawanya 50 kwa 24, upate 2 na kidogo. Saa sita mchana ya Mombasa mboni ya jicho hujibana ikawa milimita mbili au tatu, kwa hivyo mwanga wa 2 utakutosha kuona. Ila sharti jicho likae penyewe hasa. Likiteleza kidogo, giza. Ule wa milimita 8 hukusamehe. Halafu kuna mazigazi. Nyasi za kiwanjani zikishapata jua, hewa hucheza, na darubini ya 24 haikuoneshi karatasi vizuri zaidi, hukuonesha hewa inavyochemka na moyo wako unavyopiga. Anayetaka kuona tundu lake la risasi kwa yadi 50 atatosheka na 9. Ya 2-7 au 3-9 ni nzuri mno, mradi iwe ya umbali mfupi au iwe na pete ya kurekebisha umbali kwenye lenzi ya mbele.

Lenzi ya milimita 50 ina balaa jingine juu ya bunduki ya risasi moja. Inalazimisha pete ndefu za kuifungia, darubini inapaa, shavu linabaki hewani, na tumerudi kule kule kwa kichwa kisichotulia. Lakini usiishushe kupita kiasi nayo, kwa sababu vidole vyako vyataka njia ya kuingiza risasi. Risasi ya .22 ni kitu kidogo, na mkono wenye jasho huiangusha. Nimeona darubini zilizofungwa kwa ustadi mkubwa halafu mwenyewe hawezi kujaza bila kuinamisha bunduki yote. Bunduki kuukuu za BSA za Birmingham zenye mtambo wa Martini ndizo zenye shida zaidi, maana risasi yake huingizwa kwa juu, pale pale darubini inapotaka kukaa. Kwa hizo, pima kwanza na vidole, kisha ndipo ununue.

Angalia pia mifereji ya juu ya bunduki. Bunduki ndogo nyingi zina mifereji miwili iliyoachana milimita 11, na pete za bunduki kubwa hazishiki hapo. Bomba la darubini nalo lina vipimo vyake: milimita 25.4, au 30, na zile za rahisi 19. Muuza duka mmoja aliwahi kunipa pete zisizolingana na bomba, akaniambia nikaze tu. Bomba la darubini halikazwi kwa nguvu, hubonyea.

Kuhusu ubora wa kioo, hapo mimi si mtu wa bei rahisi. Kioo kisichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga katika kila uso. Hesabu nyuso kumi, na theluthi ya mwanga imekwenda zake. Uliza kama lenzi zote zimepakwa pande zote. Uliza pia kama imejazwa naitrojeni na kufungwa isipitishe hewa, kwa maana pwani hii unyevu wetu una chumvi. Nimefungua lenzi nyingi zilizoota ukungu kama nyuzi za buibui, na karibu zote zilitunzwa ndani ya mfuko wa ngozi kabatini. Ngozi hushika maji. Itie darubini kwenye boksi la plastiki linalofunga, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya.

Neno kwa wazee wenzangu wavaao miwani. Ikiwa yako ni ya tabaka mbili, ya mbali na ya kusomea, usichungulie kwa kipande cha chini. Vaa miwani ya mbali pekee. Kisha ielekeze darubini kwenye mbingu nyeupe, kamwe si kwenye jua, uzungushe pete ya nyuma hadi msalaba uwe mweusi na mkali mara tu unapotupa jicho. Usiukodolee, jicho litajirekebisha lenyewe likudanganye. Kazi hii ni ya dakika moja, na nimekuta watu wenye darubini za bei mbaya ambao hawajawahi kuigusa pete hiyo.

Ukisharekebisha bunduki ipige kati kwa yadi 50, fahamu kwamba kwa yadi 100 risasi ya .22 ya kasi ya kawaida itaanguka sentimita 15 au zaidi. Hakuna ukuzaji utakaoizuia.

Na huyo mwanangu wa Nyali, kama pesa zishatoka, asiitupe darubini yake. Aishushe hadi 6, aangalie kama ina pete au kitufe cha umbali kinachofika yadi 50 au chini yake, na apate pete fupi kadiri lenzi ile itakavyomruhusu. Kama kitufe hicho hakipo, amtafute mwenye bunduki kubwa amuuzie.

Wako,
Fundi wa miwani mstaafu,
Majengo, Mombasa