Shoga, Usimsubiri Beka

Mwananyamala, Dar es Salaam

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi, na nyingine umpe Salma. Huku hatujambo. Vitumbua vinauzika, ila unga umepanda bei. Unga wa mchele, usianze kucheka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu simu yako naijua, inashikwa na mikono mingi. Atakayekupa barua hii ni yule dada mwelimishaji rika anayepita maskani kwenu. Isome ukiwa peke yako, kisha uichane ukitaka.

Umenitajia yanayokuzuia kuanza methadone, dawa ya kuachia unga wa heroini: hela, polisi, maneno ya watu, arosto ya kukosa unga, mtoto, halafu ukamalizia na Beka wako kwa sauti ya chini kama vile si kitu. Ngoja nianze na mepesi.

Methadone ya serikali hailipiwi. Tangu Muhimbili walipofungua kliniki ya kwanza mwaka 2011, na Mwananyamala hapa ikafuata 2012, watu wanakunywa bure. Gharama iko kwenye nauli, kwa sababu dawa unainywa kila siku mbele ya muuguzi, hata Jumapili na sikukuu. Anayetoka Bunju analia na nauli, na ana haki ya kulia. Lakini wewe uko Tandale, Kwa Mtogole! Kwa mguu unafika jua halijachoma. Na tusidanganyane, mwaya: hela ya kete ya unga unaipata kila siku ya Mungu, mvua inyeshe, jua liwake.

Polisi hawana kazi na faili lako. Lile ni faili la mgonjwa, na tangu nimeanza sijaona mtu akikamatwa kwa kuandikisha jina pale.

Unasema ukionekana kwenye dirisha la dawa Tandale nzima itajua. Tandale nzima inajua, shoga. Hata hivyo aibu yenyewe siidharau. Kilichonichelewesha mimi hakikuwa majirani, alikuwa muuguzi wa hospitali moja, siitaji, nilipompelekea jipu la mkono, pale nilipokuwa najidunga. Akaniita teja mbele ya foleni nzima, na watoto wa watu wakageuka kunitazama. Nikaondoka na jipu langu, nikarudi maskani. Kwa hiyo nikikwambia kliniki ya methadone ni tofauti, usidhani nawapamba. Pale foleni nzima tumetoka kulekule, nani amcheke nani?

Sasa arosto. Hii sikupunguzii uzito, kwa sababu naijua na wewe unaijua. Saa chache bila kete, miayo na makamasi. Zikisogea, mifupa inauma, tumbo linaendesha, unatapika, usingizi hakuna. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Wiki ikiisha mwili unapoa, ila hamu inabaki palepale. Methadone haikupitishi njia hiyo. Ni dawa ya maji, inakaa mwilini siku nzima na zaidi, na ikifika kipimo chako arosto inatulia bila wewe kuhangaikia kete.

Ila kuna jambo wengi hawaambiwi wakaelewa. Dozi ya kwanza ni ndogo. Wakikuanzishia kubwa inaweza kukuua, ndiyo maana wanapandisha kidogo kidogo. Maana yake siku za mwanzo, hasa usiku, arosto utaisikia. Hapo ndipo watu wanapokimbia, wanatangaza kwamba methadone ni maji matupu. Wengine wanaongezea kete juu yake, au vidonge vya Valiamu, au pombe, na hao wananitisha kuliko waliokimbia. Vitu vyote hivyo vinapunguza pumzi. Vikikutana, mtu analala na pumzi inasimama. Ukiisikia arosto mwambie daktari, atapandisha. Na kama unameza dawa za kifua kikuu au ARV za virusi vya UKIMWI, usifiche hata moja. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya ARV huimaliza methadone mwilini haraka, kwa hiyo daktari akijua anakupangia dozi inayokutosha. Asipojua, utateseka na kuilaumu dawa.

Mtoto. Hapa nadhani hukuelewa, au kuna mtu amekuelewesha vibaya. Hakuna anayekulaza. Unakunywa dawa, unarudi nyumbani kwako kupika. Salma halali kwa mtu hata usiku mmoja, na asubuhi Mama Zai yuko tayari kukaa naye. Nimeshamwomba.

Haya, Beka.

Unaniambia mtaanza pamoja. Kwanza ilikuwa baada ya Idi. Kisha baada ya ile kazi ya Bagamoyo. Sasa ni mpaka apate soba, nyumba ya kuachia unga, kwa sababu eti methadone ni kubadilisha ulevi, na mwanamume kamili huacha kavu, bila dawa. Simchukii Beka. Nilipougua malaria alinibeba mgongoni, sijasahau. Lakini hebu kaa uwaze: kete anakufuatia yeye, koktel, ile sigara ya unga na bangi, anakuwashia yeye, kiasi anakipima yeye. Na hela ya kete za wawili, shoga, ni nani anayetoka usiku kuileta? Ukiacha leo, kesho Beka anaamka na arosto na hana wa kumtuma. Yeye mwenyewe huenda hajalifikiria hivyo. Ila kila tarehe anayokutajia inasogea, na wewe unasogea nayo.

Hilo la kubadilisha ulevi nalijibu kwa jinsi ninavyoishi. Nikishakunywa dawa yangu asubuhi narudi, nafua, naloweka mchele, alasiri niko jikoni kwenye vitumbua. Kete inauzwaje siku hizi sijui. Ninayo shida ya choo kigumu na jasho, dawa ina mambo yake, sikatai. Usiku nalala.

Soba nayo siikatai. Wapo niliowaona wametoka huko wamesimama imara. Lakini nyingi ni za wanaume, nyingi zina malipo ya kila mwezi, na kuna hatari ambayo Beka hakutajii. Mtu akikaa bila unga, mwili unapoteza ule uzoefu. Akitoka akateleza, akarudia kipimo chake cha zamani, kinamuua. Wanaotoka soba na wanaotoka jela ya Segerea, hao ndio tunaowazika mapema.

Na kuna lile ulilolipitisha haraka, kwamba siku zako hujaziona tangu mvua za vuli, lakini si kitu kwa sababu unga hukausha. Kweli unga huvuruga hedhi, unaweza kukaa miezi usizione. Lakini mimba haisubiri hedhi, mwanamke hushika hata miezi ambayo haoni kitu. Wangapi maskani tumewaona wakigundua tumbo limeshakuwa kubwa? Upime. Kama ipo, hiyo habari ya kuacha kavu naomba uifute kabisa kichwani, iwe ya Beka au ya nani. Arosto kali inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Methadone ndiyo madaktari wanampa mjamzito anayetumia unga. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake, lakini akizaliwa hospitali wanaijua na wanamtibu, na wewe unaendelea na dawa na kunyonyesha. Kama mimba haipo, pia ujue ukishatulia kwenye dawa siku zako zitarudi, kwa hiyo habari ya uzazi wa mpango iulizie mapema.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: usimsubiri. Usigombane naye, usimtangazie, wala usimwekee masharti. Nenda tu. Nimewaona wanaume wengi wakija dirishani baada ya wake zao kuanza, na wachache sana walioanza wao kwanza wakaja kumchukua mke. Akitaka kukufuata, nafasi ipo.

Jumatatu asubuhi na mapema nitakuwa Kwa Mtogole, pale kwa muuza supu, na dada mwelimishaji atakuwepo, yeye ndiye atakayetutangulia kliniki. Najua kukwambia usivute asubuhi hiyo ni kukuomba kitu kizito, lakini wakikukuta umelewa watakurudisha, na sitaki urudi kwa sababu hiyo. Usitegemee kupewa dawa siku hiyohiyo. Kuna kuandikishwa, maswali mengi, mkojo, vipimo vya damu, virusi vya UKIMWI na kifua kikuu. Maswali mengine yatakukera. Jibu ukweli hata la kete ngapi kwa siku, usijipunguzie kwa aibu, maana hayo ndiyo wanayapimia dozi. Ukiambiwa urudi kesho au wiki ijayo, nitarudi na wewe.

Vaa kanga nzito, asubuhi kuna baridi na arosto itakuwa imeanza kukusogelea. Chai nitakuja nayo. Kadi ya kliniki ya Salma njoo nayo pia, Mama Zai ananiambia kuna chanjo imempita, tutaulizia hukohuko tukishamaliza yako.

Wako,
Tatu