Paka wetu amefunga mkojo tena: tulipie operesheni au vipimo kwanza?

Assalamu alaikum mhariri na wasomaji wote.

Twawaandikia kutoka Mji wa Kale, Mombasa, kuhusu paka wetu dume wa miaka 4, aliyehasiwa, mwenye kilo 5, ambaye haishi kufunga mkojo. Huzibuliwa kwa mpira mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo, hulazwa, hurudi nyumbani akiwa mzima, kisha baada ya muda tatizo ni lile lile. Sasa daktari ashauri operesheni. Pesa tulizonazo zatosha jambo moja tu: ama operesheni yenyewe, ama vipimo kamili pamoja na chakula maalumu cha mkojo cha miezi kadhaa. Twaomba ushauri wa waliopitia njia hii, na hasa wa madaktari wa mifugo wanaosoma ukurasa huu. Tutaeleza kila tunachokijua ili anayejibu asilazimike kuanzia mwanzo, na pia kwa sababu wengi wenye paka dume hapa pwani huyajua maradhi haya wakati maji yameshafika shingoni.

Mrija wa mkojo wa dume huwa mwembamba sana kuelekea ncha ya uume. Jike mrija wake ni mfupi na mpana, ndiyo maana ni nadra kufunga. Kinachoziba chaweza kuwa kijiwe, chaweza kuwa uteute uliochanganyika na chembechembe za madini zinazofanana na mchanga, na mara nyingine hakuna kitu chochote ndani ila uvimbe na mkazo wa misuli ya mrija. Mkojo ukikosa njia, figo hushindwa kutoa uchafu, potasiamu hupanda katika damu, na moyo huanza kupiga polepole mpaka usimame. Paka aliyeziba kabisa aweza kufa ndani ya siku 1 hadi 3. Huu si ugonjwa wa kusema tungoje Jumatatu.

Dalili zake ni kuingia kwenye trei ya mchanga kila mara, kuchuchumaa kwa muda mrefu bila kutoa kitu au kutoa matone yenye damu, kulia, na kujilamba sana sehemu za siri. Akishaanza kutapika na kulegea, hali imekuwa mbaya. Watu wengi wakimwona vile husema amefunga choo, wakampa mafuta ya mbarika, na saa zinapotea. Njia ya kutofautisha ni kumgusa tumbo taratibu, mbele kidogo ya miguu ya nyuma. Kibofu kilichojaa na kuziba husikika kigumu kama ndimu kubwa, na yeye hataki kuguswa hapo. Usikibinye kwa matumaini ya kumtoa mkojo, kwani chaweza kupasuka.

Kuna mambo mawili ya dawa za nyumbani ambayo twayasema kwa uchungu. La kwanza ni madafu. Hapa kwetu madafu ndiyo dawa ya kusafisha mkojo, na mtu mwenye figo nzima hayamdhuru. Lakini madafu yana potasiamu nyingi, na paka aliyeziba anauawa na potasiamu hiyo hiyo. La pili ni Panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli, damu yake hushindwa kubeba hewa, na hata kidonge kimoja chaweza kumuua. Brufen na diklofenaki ni sumu kwake vile vile, tena zaidi figo zikiwa tayari zimeelemewa. Dawa ya maumivu ipo, na aipange daktari.

Sasa kuhusu gharama. Mpira wenyewe, ule wa unene wa 3.5 kwa kipimo cha French (kama milimita 1 hivi), si kitu cha bei. Kinachokula pesa ni kupima damu, dripu, dawa ya usingizi na kulazwa. Hapo ndipo kishawishi cha kupunguza huwa kikubwa, na ndipo pasipofaa kupunguzwa. Potasiamu ikiwa juu, yatakikana moyo ulindwe kwa kalisi (kalsiamu) ya mshipani kabla ya dawa ya usingizi, na bila kupima damu daktari anakwenda kwa kubahatisha. Mpira mgumu unaotumika kuzibulia hukwaruza ukiachwa ndani, kwa hiyo hubadilishwa kwa ule laini, ukaunganishwa na mfuko uliofungwa ili vijidudu visipande, na hukaa kwa siku 1 hadi 3. Baada ya kuzibuliwa, figo hutoa mkojo mwingi kupita kiasi, na dripu lazima iende sambamba na kinachotoka, la sivyo paka hukaukiwa. Anayezibuliwa asubuhi na kurudishwa nyumbani jioni ili kuokoa pesa ana hatari kubwa zaidi ya kuziba tena. Na kabla ya kuruhusiwa aonekane amekojoa mwenyewe bila mpira. Ukiuliza haya mapema hutaonekana mjuaji. Daktari mzuri hukujibu kwa furaha.

Lalamiko letu ni moja. Kila alipolazwa alichomwa antibiotiki, na mkojo wake haukuwahi kutazamwa kwa hadubini wala kibofu kupigwa picha. Paka dume mwenye umri mdogo anayefunga mkojo ni nadra mno kuwa na bakteria kwenye kibofu. Bakteria huonekana zaidi kwa paka wazee, wenye kisukari au figo mbovu, au waliokaa na mpira kwa muda. Pesa ya sindano zile ingelipia kipimo cha mkojo, na hivi leo tungejua kama tunapambana na vijiwe vya aina ya struvaiti au vya oksalati.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Vijiwe vya struvaiti ni vya magnesi, amonia na fosfati. Huota mkojo ukiwa mzito na usio na asidi ya kutosha, na vyaweza kuyeyushwa kwa chakula maalumu katika wiki chache bila kisu. Vijiwe vya oksalati ya kalisi haviyeyuki kwa chakula chochote, ni lazima vitolewe, na kumwongezea paka asidi ukidhani ni struvaiti huchochea hivi vya pili. Kwa sababu hiyo hatujakubali ushauri wa jirani wa kumpa vitamini C. Eksirei huonyesha aina zote mbili, ila haiwezi kukuhakikishia ni ipi. Kwa hilo yatakikana chembechembe chini ya hadubini, pH ya mkojo (kipimo cha asidi yake), na kijiwe chenyewe kikipatikana. Kama hakuna vijiwe wala chembechembe, basi ni kile kibofu kinachovimba bila sababu kuonekana, ambacho ndicho kingi kuliko vyote kwa paka wa umri wake, na hicho dawa yake ni maji na utulivu.

Atakayepeleka mkojo azingatie hili: utazamwe upesi, usizidi saa 1 tangu kutolewa. Mkojo ukikaa, na zaidi ukiwekwa kwenye friji au barafu, hujifanyia chembechembe ambazo hazikuwemo ndani ya paka. Anayetoka Likoni na kukwama kwenye foleni ya feri aweza kuletewa jibu la struvaiti ambayo haipo. Ni heri paka mwenyewe aende, mkojo utolewe pale pale kwa sindano. Tena vile vijiti vya kuchovya vya binadamu havisomi uzito wa mkojo wa paka sawasawa, na sehemu yake ya chembe nyeupe hudanganya. Uzito hupimwa kwa refraktomita, kile kifaa cha kutazamia tone moja kwenye mwanga. Twalenga usome chini ya 1.035, paka wanaokula chakula kikavu pekee husoma zaidi ya 1.040 bila taabu.

Operesheni inayopendekezwa ni ya kukata uume na kuufungua mrija pale unapoanza kuwa mpana, chini ya mkia. Twaielewa faida yake: ikifanywa vizuri, hatari ya kuziba hupungua sana. Lakini haiondoi kinachosababisha. Vijiwe vilivyo kibofuni hubaki, uvimbe wa kibofu huendelea, na kwa kuwa mlango umekuwa mpana na mfupi, bakteria hupata njia rahisi maisha yake yote. Mpasuaji asipofika juu ya kutosha, mpaka kwenye tezi zilizo pembeni mwa mrija chini ya nyonga, kovu hubana tundu na paka huziba upya, na kurekebisha ni kugumu kuliko kufanya mara ya kwanza. Baada ya kisu huvaa koni shingoni siku 10 hadi 14, na mchanga wa trei hubadilishwa kwa karatasi zilizochanwa ili usigande kwenye kidonda. Daktari wetu ni msajiliwa wa bodi ya madaktari wa mifugo na twamheshimu, ila amekiri hafanyi operesheni hii mara kwa mara. Njia nyingine ni kumpeleka Nairobi, kilomita karibu 480, kwenye kliniki ya chuo kikuu pale Kabete au kwa daktari wa binafsi, na nauli na kulala huko nako ni pesa.

Upande wa chakula ndio tunaoweza kuushika wenyewe, na hapo twataka mawaidha zaidi ya popote. Paka wa kilo 5 ahitaji takriban mililita 250 za maji kwa siku, yakiwemo yaliyo ndani ya chakula. Posho yake ya gramu 60 za chakula kikavu ina maji kama mililita 5 tu. Pakiti 3 za gramu 85 za chakula laini zinampa karibu mililita 200 kabla hajagusa bakuli la maji. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwa nini kikavu pekee humtesa, tena katika joto la Machi. Tatizo ni bei: chakula laini cha kila siku kwa mwaka chakaribia gharama ya operesheni, na kile maalumu cha mkojo hupita. Na hicho maalumu hakifanyi kazi kikichanganywa na vitu vingine. Ukimpa asubuhi kisha jioni ukamtupia dagaa, umeharibu. Dagaa wakavu na ng'onda wana madini na chumvi nyingi, nao ndio apendao kufa. Wageni wamekatazwa kumpa, lakini madirisha ya Mji wa Kale yanatazamana na kila jirani ana mkono mwema.

Kwa sasa twaroweka chakula kikavu: gramu 20, maji ya uvuguvugu mililita 40, dakika 15, mara 3 kwa siku, na kinachobaki baada ya saa 1 hutupwa kwa sababu katika joto hili huchacha upesi. Hukila nusu. Akitiliwa vijiko viwili vya supu ya changu iliyochemshwa bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, humaliza, ila twaogopa kumzoesha. Wapo wanaotwambia tumpikie samaki na wali moja kwa moja. Twaona si salama kwa muda mrefu, kwani taurini, kirutubisho cha nyama na samaki ambacho paka hawezi kukikosa, huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia na kalisi haitoshi, na paka akikosa taurini hupofuka na moyo hulegea. Yuko mtu aliyepata mpango wa kupika uliopangwa na daktari, wenye vipimo vya gramu? Atusaidie.

Maji nayo. Mtaani kwetu bomba ni la zamu, na kinachojaza matangi ni kisima cha chumvi. Hatuamini kwamba maji hayo ndiyo yaliyoleta ugonjwa, lakini paka asiyependa ladha ya maji hunywa kidogo, na kunywa kidogo ndiko kunakokoleza mkojo. Tumemwekea ya mtungi katika mabakuli mapana, mbali na chakula na mbali na trei. Aliyeona tofauti ya kweli kwa kubadilisha maji, kwa kipimo cha refraktomita wala si kwa macho, tungependa kusikia.

Hivyo maswali yetu ni haya. Kwa pesa ya jambo moja, ni busara kupima kwanza, altrasaundi na mkojo, halafu tubaki na chakula, huku tukijua kwamba akiziba katikati hatutakuwa na akiba ya kumlaza? Sisi twaelemea huko, kwa kuwa operesheni kabla ya kujua kilichomo kibofuni yaweza kumwachia kijiwe kile kile. Au kwa paka anayerudia namna hii, ninyi mlioona wengi mwasema kisu kitangulie? Daktari anayeifanya operesheni hii mara nyingi, je, anapatikana pwani, kuanzia Kilifi mpaka Diani? Na kliniki zinazokubali kulipwa kidogo kidogo kwa M-Pesa huweka masharti gani ili mtu asikwame usiku?

Nafasi ya operesheni imewekwa wiki ijayo na twaweza kuisogeza bila kulipia. Atakayejibu kabla ya hapo atakuwa ametufaa sana.

Ni sisi wasomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa