Baada ya Juni 5 simu hunyamaza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni mratibu wa vijana wa kujitolea katika shirika dogo linalotoa elimu ya uhifadhi hapa Dar es Salaam. Kila inapokaribia Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, simu yangu haitulii. Kampuni, shule, vikundi vya dini, wote wanataka siku moja: ufukwe wa kusafisha, miche ya kupanda, vijana wa kuwaongoza wageni. Fulana zinachapishwa, katoni za maji zinapakiwa, picha zinapigwa. Ikifika Juni 7 simu imenyamaza, na itanyamaza hadi mwaka mwingine.

Siwalaumu wanaokuja. Wengi wanakuja kwa moyo safi, na taka wanazozoa Coco Beach ni taka kweli. Lakini Juni 5 inatukuta masika yamekwisha. Mche unaopandwa siku hiyo kwenye uwanja wa shule unaingia moja kwa moja kwenye kipupwe, na asipopatikana wa kuumwagilia hadi mvua za vuli, unakufa. Niliwahi kurudi shule moja mwezi Septemba nikakuta vijiti vikavu vimesimama kwa mstari, vibao vyenye majina ya waliopanda bado vimefungwa. Mwalimu aliniuliza kwa upole kama tumeleta mingine. Sikuwa na jibu.

Nieleze na kosa letu wenyewe. Tulikuwa na binti wa Gongo la Mboto, amemaliza kidato cha sita, anasubiri kuingia chuo. Tukampangia Kunduchi kwa sababu mdhamini alitaka bahari. Alikuwa akitoka kwao alfajiri, daladala ya kwanza hadi kituo cha Simu 2000, ya pili hadi Mtongani, kisha kwa miguu hadi ufukweni. Nauli alipewa na mama yake, muuza vitumbua. Alikuja Jumamosi nne. Ya tano hakuonekana, na kwenye kikao ikasemwa kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Aliyesema maneno hayo ni mimi, na hadi leo yananichoma.

Kumbe binti yule anaishi jirani na msitu wa Pugu. Vijito vinavyozaa Mto Msimbazi vinaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, na mto wenyewe unashuka kupitia Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, ukaingia baharini kwenye mikoko ya Selander. Kinachotupwa mtoni huko juu ndicho tunachokuja kukiokota ufukweni kila Juni. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wasiopungua 40 na kufanya familia nyingi zihamishiwe Mabwepande, yalipita bonde hilohilo. Angeweza kufanya kazi kubwa mtaani kwake, bila nauli, kwa watu waliomwona akikua. Tulimtoa anakojulikana tukampeleka asikojulikana, tukashangaa amechoka.

Na katika kazi hii kujulikana ni nusu ya elimu yenyewe. Mgeni akimwambia mama ntilie kwamba mkaa unamaliza misitu, atasikilizwa kwa adabu, akishaondoka jiko litaendelea kuwaka. Mama ana hoja yake: mkaa unauzwa hata kwa kopo, gesi sharti ujaze mtungi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo jema, naliunga mkono. Lakini ili lifike kwenye jiko la mama yule, lazima awepo mtu wa kuzungumza naye leo, na wiki ijayo, na mwezi ujao. Kijana anayenunua chai kwake kila asubuhi anajua hata lini ni zamu yake ya kupokea upatu, yaani lini anaweza kumudu mtungi wa kwanza. Mimi nikitokea ofisini na kipaza sauti siwezi kuyajua hayo.

Kunduchi nako tulikosea. Tulikwenda kuzungumza na wavuvi wa dagaa kuhusu matumbawe na nyavu haramu, tukachagua siku iliyotufaa sisi. Ilikuwa kipindi cha giza, usiku hauna mbalamwezi, na ndipo dagaa huvuliwa kwa taa. Wenzetu walikuwa wamekesha baharini na taa, na saa tuliyofika walikuwa wamelala. Mzee mmoja wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, akatuambia: “Wanangu, njooni mbalamwezi, ndipo mtatukuta.” Tangu hapo hatupangi ziara ya pwani bila kuuliza mwezi uko wapi. Hakuna mafunzo ya ukumbini yaliyowahi kunifundisha hilo.

Sasa niseme na wafadhili. Fomu zenu za ripoti zinauliza washiriki walikuwa wangapi. Hazina mahali pa kuandika kwamba kijana yuleyule amerudi mtaa uleule mara kumi. Kwa hiyo mashirika yanakimbiza vichwa, na mtu mwenye watu mia tano wa siku moja anapata fedha kabla ya mwenye kumi wa mwaka mzima. Wanafunzi waliokutana na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, kwenye kibaraza cha nyumba yake hapahapa Dar es Salaam mwaka 1991 walikuwa 12 tu. Kutoka kwao ikazaliwa programu ya vijana ya mazingira, Roots & Shoots, iliyoenea nchi nyingi. Naomba nusu ya fedha za fulana iende kwenye nauli, glavu na vitambulisho. Kujitolea maana yake kijana ametoa muda wake na nguvu zake. Tusimdai na hela ya vitumbua vya mama yake.

Halmashauri nazo zitusaidie kwenye vibali. Kuingia shuleni tunaanzia kwa mkurugenzi, tunakwenda kwa afisa elimu kata, halafu kwa mwalimu mkuu. Ni haki, watoto wa watu lazima walindwe. Ila tumewahi kupewa kibali cha siku moja, na kibali cha siku moja kinazaa elimu ya siku moja. Wenye rekodi safi wapewe cha mwaka, wakaguliwe katikati.

Yule binti nilimpigia simu kumwomba radhi. Yuko chuo sasa. Alisema hakuwa amekasirika, nauli tu ilikuwa imekwisha na aliona aibu kusema. Likizo hii ya Julai atakuwa nyumbani, na amekubali kuanza na watoto wa shule iliyo karibu na kwao, kuwapeleka kwenye kijito wanachokivuka kila siku. Anahitaji wenzake watano wanaoishi Gongo la Mboto au Pugu, wenye Jumamosi mbili kwa mwezi. Mwenyekiti wa mtaa ana taarifa. Anayetaka aache jina ofisini kwake. Nauli haitahitajika, na glavu nimeshanunua.

Mratibu wa vijana wa kujitolea,
Ilala, Dar es Salaam