Mafia kutoka Dodoma: kwa nini tunakuomba siku moja zaidi

Ikikaribia likizo ya Desemba, wateja wengi wanaoingia hapa ofisini kwetu Dodoma, tunapopanga safari, husema hivi: "Nataka kisiwa, lakini siyo Unguja. Nataka kutulia." Jibu letu la kwanza huwa Mafia. Halafu mteja anatuambia ana siku nne tu, Alhamisi hadi Jumapili, na Jumatatu asubuhi lazima awe kazini Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma. Hapo tunamkatalia, na wengine huondoka wakidhani tunaringa. Naomba nieleze.

Watalii ni wachache Mafia kwa sababu njia yake haitaki haraka. Mpaka Dar es Salaam hakuna shida. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, unaondoka asubuhi na mchana uko Dar. Kazi inaanzia pale. Unapanda gari Mbagala, unafuata barabara ya Kilwa, unakata kushoto Bungu, unashuka hadi Nyamisati, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Kutoka gatini ni saa kadhaa baharini hadi Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Na chombo hakiangalii saa yako tu, kinaangalia maji na upepo.

Hili tulijifunza vibaya. Mwanzoni kabisa tulimsafirisha mteja na mama yake, mwezi wa pili, msimu wa zabibu. Tulipiga hesabu ya barabara, maji hatukuyahesabu. Wakafika Nyamisati chombo kimeshaondoka. Mama alikuwa na boksi la zabibu za Hombolo, zawadi ya wifi yake Kilindoni. Wakalala pale pale kwenye joto la pwani. Asubuhi boksi limelowa chini, nyuki wamelizunguka, zabibu zinanuka kama mvinyo. Mama hakutugombeza. Alitutumia picha ya lile boksi, basi. Iliniuma kuliko matusi. Tangu siku ile hatupangi safari ya Mafia isiyo na siku ya akiba, hasa upande wa kurudi.

Siku hiyo haipotei bure. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, papa potwe huja kula karibu na Kilindoni. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni vijidudu vya majini na visamaki vidogo. Unavaa miwani ya kuogelea, unaingia majini, unamwona anapita taratibu, mdomo wazi, madoa meupe yamepangana mgongoni. Usimguse, tafadhali. Asiyejua kuogelea anavaa jaketi la kuokolea na kubaki juu ya maji na muongozaji. Bahari ikichafuka siku ya kwanza, ile siku ya akiba ndiyo inayokuwezesha kumwona.

Upande wa Utende kuna hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Ukivuka hapo unafika Chole, ambako popo wakubwa hulala mchana wakining'inia mitini. Mbele yake ni Juani, penye magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava wa Madagaska katika karne ya 19. Mimi nawashauri wateja waende Juani mapema, kabla jua halijawa kali.

Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu; mwenye kuogopa bahari tunamwomba asubiri kaskazi. Ndege ipo pia, takriban nusu saa kutoka Dar, ila nauli ni kubwa na mizigo hupimwa.

Sisi tunakata tiketi, tunatafuta gari la Nyamisati, tunapiga simu gatini siku moja kabla, na tunaweka chumba Kilindoni au Utende. Wewe tupe siku sita, ile ya akiba ikiwemo, na uje na kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni. Beba na fedha taslimu za kutosha.

Zabibu zipakie kwenye kreti la plastiki lenye matundu. Kreti tunalo, tutakuazima.