Barua kwa mwanangu, kabla ya harusi ya Jumamosi

Mwanangu mpendwa,

Kadi ya harusi ya binamu yako nimeitia ndani ya bahasha hii. Kwa usonji wako, yaani ubongo wako kupokea sauti na watu kwa namna tofauti na wengine, najua shughuli kama hii hukuchosha, basi nakuandikia namna ya kuivuka. Imeandikwa saa 12 jioni, lakini usiisome kama tiketi ya treni. Maharusi wataingia ukumbini saa 2 usiku, pengine saa 3. Ukifika saa 12 kamili utakaa ukitazama watu wakipanga viti na fundi akijaribu spika, na nguvu zako zitakuwa zimeliwa kabla shughuli haijaanza. Fika saa 1 na nusu. Watu bado wanakuwa wachache, na meza unaichagua mwenyewe.

Chagua iliyo mbali na spika, yenye ukuta mgongoni na mlango wa pembeni karibu. Epuka njia ya wahudumu wa chakula, maana kila sahani itakupitia begani. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye spika, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Ukumbini hupungua chini ya hapo, kwa sababu kuta na dari huirudisha. Kwa hiyo kuhama meza tu hakutoshi. Beba vizibo vya masikio. Vile vya sponji hufifisha zaidi sauti nyembamba, na mtu anayekusemesha atasikika kama yumo mtungini. Vyenye chujio hupunguza sauti zote karibu sawasawa, na maneno yanabaki maneno. Kama unavyo vya sponji tu, kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie sekunde 20 hadi 30 kijae. Wengi hukiacha nje nusu, kisha wanasema havifanyi kazi.

Nguo ya siku hiyo ivae nyumbani saa nzima kabla ya Jumamosi, ukiwa umeshaifua na kukata lebo ya shingoni. Kula kabla ya kutoka, kwani chakula cha ukumbini kinaweza kutolewa saa 4 usiku, na njaa hufanya kelele ile ile iume zaidi.

Sasa salamu, ambazo najua ndizo zinazokuchosha kuliko muziki. "Habari za nyumbani?" haiulizi habari. Jibu ni "nzuri" au "salama", hata kama bomba limepasuka. Kwa mkubwa anza wewe na shikamoo, ungoje marahaba, ndipo maswali yatafuata, mawili hadi manne. Kila moja lijibu kwa neno moja, kisha nawe umuulize angalau moja. Akisema "haya" au "karibu", salamu zimekwisha. Makosa ni mawili: kutoa jibu la kweli lenye maelezo, au kuondoka baada ya swali la kwanza. Mezani wasalimie wazee, halafu "hamjambo" moja kwa wote waliobaki. Kama hutaki kushikana mikono, weka kiganja kifuani na uiname kidogo. Wapo wengi wanaofanya hivyo kwa sababu za dini, hakuna atakayekuhoji.

Macho yasikutie hofu. Kwa mkubwa, kuinamisha macho huku kwetu ni adabu. Kwa rika lako tazama katikati ya nyusi sekunde chache, kisha sahani, kisha tena. Wanaokushauri ufanye mazoezi ya kutabasamu mbele ya kioo mimi siwaungi mkono. Kuigiza uso usiku kucha ni kazi kubwa, na malipo yake ni kitanda siku mbili.

Kuna maneno mengine ambayo ukiyachukua kama yalivyo yatakupoteza. Mtu akisema "nakuja" huku anaondoka, usimngoje. "Umepotea sana!" si shtaka, jibu "nipo, ni shughuli tu." "Karibu tule" ya kwanza ni heshima, nawe sema "asante, endeleeni." Akirudia, au akisogeza sahani, amekukaribisha kweli. Na shangazi lazima atauliza utaoa lini. "Mtuombee" inamaliza kabisa, wala si uongo.

Ukipata wa kuzungumza naye, sema sentensi tatu za jambo unalolipenda, kisha uliza kitu. Majibu yake yakifupika kuwa "eeh", au miguu yake ikageukia kwingine, mwachie. Hilo halina maana kwamba umeharibu. Damian Milton, mtafiti Mwingereza ambaye naye yumo katika usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wasio na usonji nao hawakusomi wewe.

Usingoje kuhisi umechoka ndipo utoke. Watu wengi wenye hali yako huchelewa kuzisikia dalili za mwili, na zikisikika mambo yameshafika shingoni. Fuata saa: kila dakika 40 toka nje dakika 10, uende maegeshoni. Chooni kuna mwangwi na foleni. Kwenye simu andika mapema: "Niko salama, nahitaji kukaa kimya dakika 20." Maneno yakikataa kutoka, onyesha hiyo.

MC akiita ukoo wetu kupeleka zawadi, si lazima ucheze. Tembea katikati ya msafara, bahasha mkononi. Baada ya hapo uko huru. Muage shangazi peke yake: "Naomba nitangulie, nawaombea maharusi." Ukianza kuaga meza hadi meza utatumia nusu saa na kila mmoja atakuzuia. Dereva wa bajaji mpange tangu mchana, saa 4 na nusu, mlango wa nyuma.

Misiba ni rahisi kwako kuliko unavyodhani. "Poleni" inatosha, rambirambi iandikishe kwenye daftari, kisha kaa kimya chini ya turubai. Kimya hapo ndicho kinachotakiwa. Ila usisahihishe mtu anayeeleza vibaya ugonjwa wa marehemu.

Jambo moja la hospitali nisisahau. Jina la Asperger, lililoandikwa kwenye karatasi zako za zamani kama jina la hali yako, limetolewa kwenye miongozo ya madaktari ya kutambua magonjwa: Wamarekani waliliingiza ndani ya wigo wa usonji mwaka 2013, na mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani, unaotumika tangu 2022, umefanya vivyo hivyo. Daktari mpya akikuandikia "usonji", hajakupa ugonjwa wa pili.

Jumapili usijipangie chochote kabla ya adhuhuri. Na Jumamosi usiku usinipigie. Andika "nimefika", nitaiona.

Mama yako